Mstari wa Kwanza Huandikwa Mwisho

Simu nyingi za mji wa Oyugis hufanya kazi ngumu wakati mwenyewe amelala. Simu iko kwenye chaja, kioo kimezimwa, hakuna anayeigusa. Na tangu Android 7.0 ilipotoka mwaka 2016, huo ndio wakati ambao mfumo wa simu huamsha programu iitwayo dex2oat. Programu hiyo husoma orodha ya funksheni ambazo zimetumika sana mchana, kama ile inayochora orodha ya ujumbe au ile inayofungua picha zilizotumwa kwenye kundi la chama, kisha huzigeuza kuwa maagizo ambayo prosesa inayaelewa moja kwa moja. Hiyo ni kompaila. Watu huidhania kuwa chombo cha wahandisi wa Nairobi au California, kumbe simu za Android za Itel na Tecno zilizopangwa kwenye vioo vya maduka ya karibu na steji ya Oyugis kila moja imebeba yake.

Karibu kila funksheni inayopita mikononi mwa kompaila huyo wa usiku hupewa, karibu na mstari wake wa kwanza, agizo dogo la kutoa. Namba fulani inaondolewa kutoka rejista fulani. Kabla funksheni haijarudi ilikoitwa, namba ileile inarudishwa. Sura hii inahusu namba hiyo: inatoka wapi, nani anaiamua, na kwa nini anaiamua akiwa amechelewa namna ile.

Programu ni funksheni zinazoitana. Funksheni ikiitwa huhitaji nafasi ya muda: pa kuweka thamani ambazo hazikutoshea kwenye rejista, pa kukumbuka iliitwa kutoka wapi, pa kuhifadhi rejista za aliyeiita asije akazikuta zimeharibiwa. Nafasi hiyo hukatwa kutoka eneo moja refu la kumbukumbu liitwalo steki. Rejista moja ya prosesa, kielekezi cha steki, hushika anwani ya mpaka kati ya sehemu iliyokaliwa na sehemu iliyo wazi. Kwenye ARM za simu na kwenye x86 za kompyuta, steki hukua kwenda chini, kutoka anwani kubwa kuelekea ndogo, ndiyo maana kuomba nafasi ni kutoa. Ukitaka baiti 48, unatoa 48 kwenye kielekezi. Ukimaliza, unajumlisha 48. Hakuna daftari la nani kachukua nini wala karani wa kuombwa ruhusa, na kipande hicho kilichokatwa huitwa fremu ya funksheni.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Fortran ya mwanzo iliipa kila funksheni eneo lake la kudumu kwenye kumbukumbu, na kwa sababu hiyo funksheni haikuweza kujiita yenyewe: mwito wa pili ungefuta yaliyoandikwa na mwito wa kwanza. Alan Turing alikuwa ameshaandika, kwenye mpango wake wa mashine ya ACE mwishoni mwa 1945, juu ya kufukia anwani za kurudi na kuzifukua baadaye. Friedrich Bauer na Klaus Samelson wakaomba hataza ya wazo la steki huko Ujerumani mwaka 1957. Edsger Dijkstra akaandika mwaka 1960 namna steki inavyoruhusu funksheni ijiite bila kujikanyaga, na mwaka huohuo yeye na Jaap Zonneveld wakakamilisha kompaila ya ALGOL 60 kwa mashine iliyoitwa X1. Tangu hapo hatujarudi nyuma.

Sasa namba yenyewe. Mtu anayesoma funksheni kwa macho anaweza kufikiri kwamba ni rahisi: hesabu thamani za ndani, zidisha kwa ukubwa wake, umepata. Kompaila hawezi kufanya hivyo, kwa sababu anapoanza kazi hajui ni thamani zipi zitakaa kwenye kumbukumbu. Katika hatua zake za mwanzo yeye hujifanya ana rejista zisizo na kikomo. Kila thamani inapewa rejista yake ya kufikirika, na maagizo yanachaguliwa kana kwamba nafasi si tatizo. Baadaye ndipo hesabu ya kweli inafika: x86 ya biti 64 ina rejista 16 tu za kazi za kawaida, na moja kati ya hizo ni kielekezi cha steki chenyewe. Kompaila hugawa zilizopo, na thamani zinazokosa mahali husukumwa kwenye steki. Kila iliyosukumwa inaongeza fremu. Rejista zinazotakiwa kuhifadhiwa kwa niaba ya aliyeita nazo hujulikana wakati huohuo, na nazo zinaongeza fremu.

Kwa hiyo, muda wote huo wa katikati, kompaila anaandika maagizo yanayosema "soma kutoka nafasi namba 3 ya fremu" bila kujua nafasi namba 3 iko umbali gani kutoka kwenye kielekezi. Ni jina tu. Katika LLVM, ambayo ndiyo injini ya kompaila ya Clang, kuna hatua maalumu inayokuja baada ya ugawaji wa rejista. Kazi yake ni kupanga nafasi zote, kupata jumla, kuandika utangulizi na tamati ya funksheni, kisha kurudi kwenye maagizo yote yaliyokwisha andikwa na kubadilisha kila jina kuwa umbali halisi. Agizo ambalo prosesa italitekeleza kwanza limeandikwa karibu na mwisho wa kazi.

Tuangalie funksheni ndogo kabisa, iite salio. Inapokea namba, inaiita funksheni nyingine iitwayo soma, inaongeza 1 kwenye jibu, inarudi. Haina thamani yoyote ya ndani inayohitaji kumbukumbu. Ipe kompaila ya GCC ikugeuzie kwa x86 ya biti 64, na uiambie ijitahidi kuboresha. Utapata `sub rsp, 8` (`rsp` ndicho kielekezi cha steki), kisha `call soma`, kisha `add rsp, 8`, nyongeza ya 1, na `ret`. Baiti 8 zimeombwa na hakuna kilichowekwa ndani yake. Mwanafunzi akiona hivyo kwa mara ya kwanza hudhani kompaila amekosea.

Hajakosea. Makubaliano ya mifumo kama Linux yanadai kwamba kila agizo la `call` linapotekelezwa, kielekezi cha steki kiwe kinagawanyika kwa 16 bila salio, kwa sababu yapo maagizo ya kuhamisha baiti 16 kwa mpigo ambayo huangusha programu yakikuta anwani haijakaa sawa. Lakini `call` yenyewe husukuma anwani ya kurudi, baiti 8. Kwa hiyo kila funksheni huzaliwa ikiwa imepinda kwa 8, na ikitaka kuita nyingine ni lazima ijinyooshe kwanza. Zile baiti 8 tupu ni za kujinyoosha tu.

Clang hufikia palepale kwa njia ya mkato. Badala ya `sub rsp, 8` huandika `push rax`, yaani husukuma rejista ambayo haijali ina nini, na mwishoni hutoa takataka hiyo kwa `pop rcx`. Kielekezi kimesogea kwa 8 vilevile, lakini `push rax` ni baiti 1 ya maagizo ilhali `sub rsp, 8` ni baiti 4. Binafsi naona huo ni ubahili wa kupendeza. Na ukibadilisha salio kidogo, ikabidi thamani moja isubiri hadi soma irudi, kompaila atasukuma rejista `rbx` ili aitumie kuihifadhi thamani hiyo, na ile `sub` itatoweka: msukumo wa `rbx` umekwisha nyoosha kielekezi. Kazi imeongezeka, fremu imebaki ileile. Thamani zikiwa mbili, zitasukumwa rejista mbili na `sub rsp, 8` itarudi. Kwenye ARM ya biti 32 mchezo huu una sura nyingine: utaona GCC akisukuma `r3` pamoja na `lr`, rejista inayoshika anwani ya kurudi, wakati hakuna anayeihitaji `r3`, kwa sababu huko kielekezi kinatakiwa kigawanyike kwa 8 na rejista moja ni baiti 4.

Tatizo la pili ni vigezo, yaani thamani ambazo funksheni hupewa inapoitwa. Kwenye x86 ya biti 64 chini ya Linux, vigezo sita vya kwanza vya namba nzima hupita kwenye rejista. Kwenye ARM ya biti 64 ni vinane. Vinavyozidi hupitia kwenye steki. Kwenye x86 ya zamani ya biti 32 karibu vyote vilipitia huko, kimoja kimoja kwa `push`. Na kila `push` inasogeza kielekezi, maana yake umbali wa kila thamani ya ndani kutoka kwenye kielekezi unabadilika katikati ya kazi. Thamani iliyokuwa umbali wa 12 sasa iko 16, baada ya kigezo kingine iko 20. Kompaila analazimika kukumbuka, agizo kwa agizo, kielekezi kimesogea kwa kiasi gani tangu utangulizi, na kuandika pia dokezo kwenye majedwali yanayotumika programu inapokumbana na hitilafu na kutaka kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Njia ya pili ni ya mama anayeuza viazi vitamu vya Kabondo katika soko la Oyugis: hatandiki gunia upya kila mteja akitaka rundo jingine, hutandika asubuhi kwa kadiri ya rundo kubwa analotarajia kupanga siku hiyo. Kompaila hupitia miito yote iliyo ndani ya funksheni, hutafuta ule wenye vigezo vingi zaidi vya steki, na nafasi hiyo huiingiza kwenye fremu tangu utangulizi. Baada ya hapo vigezo huandikwa kwa kuhamishwa tu mahali pake na kielekezi hakitikisiki hadi tamati. LLVM huweka alama mbili za muda kuzunguka kila mwito, moja ya kushusha kielekezi na moja ya kukipandisha. Fremu ikiwa imetengewa nafasi mapema, alama zote mbili hufutwa kimyakimya mwishoni. Hata hivyo `push` haijafa, kwa sababu ni fupi, na pale ambapo ukubwa wa programu ni jambo kubwa kuliko kasi, kompaila hurudi kwake. Prosesa nazo zimeizoea: Pentium M ya Intel, mwaka 2003, ilikuja na sehemu maalumu ya kufuatilia misogeo ya kielekezi ili misukumo iliyofuatana isisubiriane.

Kuchelewa kuamua kuna bei yake, na bei hiyo huonekana fremu inapokuwa kubwa. Agizo la ARM ya biti 64 lina urefu wa biti 32 bila kujali linafanya nini, hivyo namba inayoweza kuandikwa ndani yake ina mipaka. Agizo la kutoa lina biti 12 za namba, yaani 0 hadi 4095, na ruhusa ya kuisogeza namba hiyo kwa biti 12 nyingine. Fremu ya baiti 4096 inatosha kwenye agizo moja. Fremu ya 4112 inahitaji maagizo mawili. Kusoma thamani ya biti 64 kutoka kwenye kielekezi kunafika umbali wa baiti 32,760 na si zaidi. Kwenye prosesa za RISC-V mpaka ni 2047 tu. Kompaila akigundua katika hatua ya mwisho kwamba thamani iko mbali kuliko hapo, anahitaji rejista ya ziada ya kutengenezea anwani, ila rejista zote zilikwisha gawiwa hatua kadhaa nyuma. LLVM ina kifaa cha kuzunguka maagizo kutafuta rejista ambayo kwa sekunde hiyo haina mwenyewe. Isipopatikana, mmoja hufukuzwa kwa muda na kuwekwa kwenye nafasi ya dharura ndani ya fremu, nafasi ambayo ilibidi itengwe kabla haijajulikana kama itahitajika. Hii ndiyo sehemu ya kompaila ambayo naiona chafu kuliko zote, na sijui njia safi zaidi ya kuifanya.

x86 ina kituko chake katika habari hii ya namba. Namba kati ya −128 na 127 hutosha kwenye baiti moja, 128 haitoshi. Hivyo `sub rsp, 128` huchukua baiti 7, na `add rsp, -128`, yenye matokeo yaleyale, huchukua 4. Ukikuta kompaila anajumlisha hasi badala ya kutoa chanya, usimcheke.

Wakati mwingine namba bora ni sifuri. Funksheni isiyoita nyingine yoyote haina sababu ya kusogeza kielekezi ikiwa kuna ahadi kwamba hakuna atakayegusa eneo lililo chini yake. Makubaliano ya x86 ya biti 64 nje ya Windows yanatoa ahadi hiyo kwa baiti 128. Funksheni ndogo inaandika hapo chini ya mpaka na kuondoka, bila utangulizi wala tamati. Ahadi hiyo inategemea mfumo wa uendeshaji kuziruka baiti hizo 128 unapokatiza programu kuishughulikia na ishara. Ndani ya kiini cha Linux chenyewe haiwezekani: ukatizaji ukiingia, prosesa husukuma vitu vyake palepale kielekezi kilipo na kufuta kilichoandikwa chini yake. Ndiyo maana kiini hicho hukompailiwa kwa amri `-mno-red-zone`, na mtu anayejaribu kuandika mfumo wake mwenyewe bila amri hiyo hupata hitilafu za kutokea na kupotea ambazo huweza kumla wiki nzima.

Fremu kubwa mno ni hatari ya aina nyingine. Chini ya steki huwekwa ukurasa wa ulinzi usioruhusiwa kuguswa; steki ikiufikia, programu inaangushwa. Lakini kutoa si kugusa. Funksheni inayotoa baiti 100,000 kwa mkupuo inaweza kuuruka ukurasa huo wa baiti 4096 na kutua kwenye kumbukumbu ya kitu kingine. Juni 2017 kampuni ya usalama ya Qualys ilionyesha jinsi mruko huo unavyotumika kuteka Linux na mifumo ya jamii ya BSD. GCC 8, iliyotoka mwaka uliofuata, ikapata amri ya `-fstack-clash-protection`: kielekezi kikishuka zaidi ya ukurasa, kompaila hugusa kila ukurasa njiani, ili kama kuna ukuta ugongwe. Kompaila za Windows zilikuwa zikifanya hivyo miaka mingi kwa sababu tofauti, kwani huko steki yenyewe hupanuliwa ukurasa baada ya ukurasa kwa kuguswa.

Kompaila wa Android ana namna yake. Kabla ya kushusha kielekezi, kwenye ARM ya biti 64 huandika maagizo mawili: `sub x16, sp, #0x2000`, kisha `ldr wzr, [x16]`. La kwanza linapata anwani iliyo baiti 8192 chini ya kielekezi. La pili linasoma hapo na kutupa kilichosomwa kwenye rejista ya sifuri. Kama steki ina nafasi, hakuna kilichotokea. Kama imekaribia kuisha, usomaji huo unagonga ukurasa wa ulinzi, mfumo unaitikia, na programu inapewa StackOverflowError ikiwa bado ina baiti za kutosha kuishughulikia. Namba 8192 nayo ni rahisi kuandika: ni 2 iliyosogezwa biti 12, hivyo inaingia kwenye agizo moja. Uzi wa kazi wenye steki ya megabaiti 1, na funksheni inayojiita kwa fremu ya baiti 64, utafika miito isiyozidi 16,384 kabla ya hapo. Funksheni ndogo zisizoita wengine husamehewa ukaguzi.

Limebaki swali la namna ya kujua, katikati ya miito hii yote, nani alimwita nani. Kielekezi kinaonyesha mwisho tu. Jibu la zamani ni kutenga rejista ya pili, kielekezi cha fremu, inayosimama palepale tangu utangulizi hadi tamati huku kila fremu ikihifadhi ya iliyotangulia. Rejista hiyo ni ya lazima pale ambapo funksheni inaomba nafasi ambayo ukubwa wake haujulikani hadi programu iendeshwe, kwa mfano safu ya C yenye urefu unaotokana na namba aliyoandika mtumiaji. Hapo kompaila hana namba ya kujumlisha mwishoni, basi hurudisha kielekezi kwa kunakili kutoka kwenye rejista iliyosimama. (Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hakuzipenda safu hizo, na toleo la 4.20 la Linux, mwishoni mwa 2018, lilikuja zikiwa zimeondolewa.) Android kwa upande wake haihitaji rejista hiyo: ukubwa wa fremu huandikwa pembeni ya maagizo ya kila funksheni, na chini kabisa ya fremu huwekwa anwani ya funksheni yenyewe, hivyo mkusanya taka wa kumbukumbu huipanda steki fremu kwa fremu kwa kujumlisha.

Kwingineko watu walibishana kama rejista hiyo itengwe. Kwenye x86 ya biti 32 rejista ni 8, ukiondoa kielekezi zinabaki 7, na kuifunga moja zaidi ni hasara ya kuonekana, hivyo GCC 4.6 ya mwaka 2011 ikaacha kuitenga kwa kawaida kwenye Linux. Tabia hiyo ilikuwa tayari imeenea kwenye biti 64, ambako faida ni ndogo zaidi. Waliokuja kulia ni wale wanaopima kasi ya programu kwenye seva: chombo cha kupimia kinakatiza mara maelfu, kinataka kujua papo hapo mnyororo wa miito, na kusoma majedwali kila mara ni kazi nzito. Fedora 38, Aprili 2023, ikarudisha kielekezi cha fremu kwenye vifurushi vyake. Ubuntu 24.04 ikafuata mwaka mmoja baadaye. Kwenye ARM ya biti 64 ugomvi haukuwahi kuwa mkali, maana rejista ni 31, na `x29` inayoshika fremu huhifadhiwa pamoja na `x30` inayoshika anwani ya kurudi kwa agizo moja, `stp x29, x30, [sp, #-16]!`, ambalo alama yake ya mwisho ya mshangao ndiyo inayoshusha kielekezi pia.